Umepata kompyuta ya zamani? Usiichomeke kwanza kwenye umeme

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA mwaka 2014, jijini New York nchini Marekani, bodi moja ya kompyuta isiyokuwa na kasha wala kioo ilipigwa mnada na kununuliwa kwa dola 905,000. Ilikuwa Apple-1, moja ya mashine zipatazo 200 zilizotokana na kazi ya Steve Wozniak na Steve Jobs mwaka 1976, ambayo ilipotoka iliuzwa kwa dola 666.66. Mnunuzi alikuwa jumba la makumbusho la Henry Ford. Julai mwaka 2021 ikaja zamu ya kaseti ya gemu ya Super Mario 64 iliyokuwa haijapata kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Hiyo iliuzwa kwa dola milioni 1.56.

Habari za aina hiyo zikitoka, watu huingia stoo. Mmoja hukumbuka mashine ya marehemu baba, mwingine hukumbuka gemu aliyoletewa na mjomba kutoka ng'ambo. Kifaa hutolewa kwenye boksi, hufutwa vumbi, hutafutwa waya wake, na jioni hiyo hiyo huchomekwa ukutani ili ijulikane kama kinafanya kazi.

Hapo ndipo vingi hufia. Kifaa kilichokaa kimya miaka 30 au 40 bila kuharibika sana kinaweza kuungua ndani ya sekunde chache baada ya kuwashwa. Sababu zake zinajulikana na zinaweza kuzuilika.

Ili kuelewa tatizo, inafaa kufahamu mashine zenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika muongo uliofuata, viwanda vya Marekani, Uingereza na Japani vilianza kutengeneza kompyuta ndogo za kuwekwa sebuleni. Kioo chake kilikuwa televisheni ya nyumbani, na programu zake zilihifadhiwa katika kanda za kawaida, zile zile za muziki. Nchini Uingereza Sinclair ZX Spectrum ilitoka Aprili mwaka 1982 kwa pauni 125, na ziliuzwa zaidi ya milioni 5. Marekani mwaka huo huo ilitoa Commodore 64, ambayo makadirio ya mauzo yake huanzia milioni 12.5. Japani nayo mwaka 1983 ikatoa Famicom ya Nintendo, mashine ya gemu ambayo Wamarekani na Wazungu waliijua kwa jina la NES. Hizo ziliuzwa karibu milioni 62 duniani kote.

Si vitu vya kuchezea tu. Kampuni ya Acorn ya Cambridge, iliyotengeneza BBC Micro kwa ajili ya shule za Uingereza mwaka 1981, ndiyo iliyobuni chipu ya ARM miaka michache baadaye. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji, kwa uwezekano mkubwa sana, inaendeshwa na kitukuu cha chipu hiyo.

Anayetafuta Spectrum au Commodore katika stoo za Dar es Salaam, hata hivyo, huenda akachoka bure. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, na zuio hilo lilidumu miaka mingi, katika kipindi kile kile ambacho kompyuta za nyumbani zilikuwa zikienea kwingineko. Aidha, mashine hizo zilihitaji televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970. Pasipo televisheni, kompyuta ya sebuleni isingekuwa na pa kuonyesha kitu.

Kilichoingia kwa wingi baadaye ni gemu za kaseti zisizokuwa na leseni, zilizoundwa barani Asia kwa kuiga Famicom. Wengi waliokua mijini wanazikumbuka: kaseti ya njano iliyodai kubeba mamia elfu ya gemu, kumbe ni chache zinazojirudia kwa majina tofauti. Ukizifungua utakuta bodi ndogo yenye tone jeusi la gundi ngumu mahali ambapo chipu ingepaswa kuonekana. Wakusanyaji wa nchi tajiri walizidharau kwa muda mrefu. Lakini nchini Urusi mashine ya namna hiyo iliyouzwa kwa jina la Dendy kuanzia mwaka 1992, na nchini Poland ile iliyoitwa Pegasus, leo ni sehemu ya historia ya nchi hizo na zinatafutwa. Kwa maoni ya mwandishi, zile zilizopita Kariakoo na Luthuli Avenue zinastahili heshima hiyo hiyo, na kwa kuwa bei yake ni ndogo, zinafaa kwa anayeanza.

Kwa wanaotaka mashine zenye majina, soko liko nje. Uingereza kuna maduka ya hisani na yale masoko ya mwisho wa wiki ambako watu hupanga bidhaa zao nyuma ya magari. Japani kuna maduka ya mitumba ya Hard Off, yenye makapu ya vitu vinavyouzwa kama vibovu bila dhamana, na mtaa wa Akihabara jijini Tokyo, ambao bei zake si za maskini. Mitandao ya mnada kama eBay imerahisisha kazi, lakini imewafundisha wauzaji wote bei.

Mwenye ndugu Muscat, Dubai au Kuwait ana njia nyingine ambayo wachache huikumbuka. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoasisiwa na Mohammed Al-Sharekh, iliuza katika nchi za Kiarabu kompyuta za mfumo wa MSX zilizofanywa zisome na kuandika Kiarabu. Ziliitwa Sakhr, na Yamaha ni miongoni mwa waliozitengeneza. Kwa watu wa mwambao wenye jamaa upande ule wa bahari, kuuliza hakugharimu kitu.

Basi mashine imepatikana. Kabla ya jambo lolote, isome chini. Kila kifaa kina kibandiko kinachoeleza volti zinazohitajika. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni 120, ilhali wetu ni 230. Adapta ya Tokyo ikichomekwa moja kwa moja Dar es Salaam au Nairobi, hakuna fundi wa kuiokoa, na mara nyingine huondoka na mashine yenyewe.

Jambo la pili huwaponyoka hata mafundi. Adapta nyingi za leo huwa na chanya katikati ya kichwa cha waya na hasi pembeni. Spectrum, Famicom na Sega Mega Drive ya kwanza zilifanya kinyume chake, hasi katikati. NES iliyouzwa Marekani na Ulaya ilitumia adapta inayotoa umeme geu, yaani haina chanya wala hasi ya kudumu, na kichwa chake hufanana na vingine. Kuona kwamba waya umeingia na volti zimelingana hakutoshi. Tazama mchoro mdogo ulio karibu na tundu, kisha pima kwa mita.

Adapta ya Commodore 64 inahitaji aya yake yenyewe, kwa kuwa imeua mashine nyingi kuliko watoto wakorofi. Ni pande zito jeusi, limejazwa gundi ngumu ndani hivi kwamba haliwezi kufunguliwa kutengenezwa. Ndani yake kuna kifaa kinachopaswa kushikilia umeme katika volti 5. Kinapozeeka hakikatiki, bali huachia volti zipande, na chipu za kumbukumbu huungua kimya kimya huku taa nyekundu ikiendelea kuwaka. Mwenye mashine hudhani kompyuta ndiyo mbovu. Wakusanyaji wazoefu huiweka adapta ya asili kwenye boksi kwa ajili ya kumbukumbu na kununua mpya iliyotengenezwa kwa usalama. Tahadhari hiyo si ya kupuuza, kwa sababu chipu ya sauti ya Commodore 64, iitwayo SID, haitengenezwi tena na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1994.

Kisha kuna kapasita. Katika sehemu ya umeme ya BBC Micro, na katika mashine nyingine kadhaa za wakati huo, zilifungwa kapasita za karatasi zenye jina la Rifa, zilizofunikwa na plastiki inayopenya mwanga kama asali. Kwa miaka plastiki hiyo hupata nyufa nyembamba, na unyevu wa hewani huingia kwenye karatasi. Siku umeme unaporudi, kapasita hupasuka na kujaza chumba moshi wenye harufu ambayo hutoka kwenye mapazia baada ya siku nyingi. Mara nyingi mashine hupona, lakini moyo wa mwenye nyumba huwa umekwisha kuruka. Kwa mtu anayekaa pwani, ambako unyevunyevu hauondoki mwaka mzima, ni busara kuzitoa na kuweka mpya kabla hata ya kujaribu. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio anayejua kulehemu. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba sehemu hiyo hushika umeme mkubwa hata baada ya waya kuchomolewa.

Adui mbaya kuliko wote hangoji kuwashwa. Kompyuta nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, zikiwamo Amiga 500 Plus na kompyuta za ofisini za enzi hizo, zilikuwa na betri ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi ili saa isisimame. Betri hiyo huvuja. Maji yake hula nyaya nyembamba za shaba, huingia chini ya chipu, huacha ukungu wa kijani, na huendelea kula stoo ikiwa imefungwa. Kuna mashine zilizohifadhiwa katika boksi lake la asili, pamoja na risiti, na zilipofunguliwa bodi ilikuwa imetoboka. Kwa hiyo betri ikatwe siku hiyo hiyo. Kwa betri hizo za aina ya zamani, siki nyeupe huua ukali wa kilichovuja, kisha bodi husafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke kabisa.

Kaseti za gemu zenye uwezo wa kuhifadhi mahali mchezaji alipofika, kama The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987, nazo zina betri ndani, ya kidonge. Ikiisha, gemu hucheza lakini haikumbuki. Hubadilishwa kwa urahisi, ingawa kumbukumbu ya yule aliyecheza mwanzo hupotea wakati wa kuibadilisha.

Na kupuliza? Kila mtoto aliyekuwa na gemu ya kaseti alijua dawa: ikigoma, itoe, ipulize, irudishe. Mara nyingi ilikubali, na hapo imani ikazaliwa. Kilichosaidia hasa kilikuwa kule kuitoa na kuirudisha, kwani meno ya shaba yalipata mgusano mpya. Pumzi ilileta mate, na mate yalileta kutu. Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wasipulize. Kijiti chenye pamba na spiriti safi hufanya kazi hiyo bila madhara.

Kuhusu plastiki iliyogeuka njano, kuna wanaoipaka dawa ya kung'arishia nywele na kuianika juani hadi irudi kuwa nyeupe. Hufanikiwa, lakini baadhi huja kuwa njano tena, na nyingine hubaki na madoa kama ramani. Mwandishi wa makala haya angeiacha ilivyo. Njano haijawahi kuzuia kompyuta kufanya kazi.

Tuje kwenye televisheni, jambo ambalo huku kwetu tuna bahati nalo. Gemu ya kupiga bata kwa bastola, Duck Hunt ya mwaka 1984, haichezeki kwenye televisheni bapa. Siyo kwamba bastola imeharibika. Mchezaji anapobonyeza, kioo huwa cheusi kwa kitambo kidogo na mahali alipo bata hutokea kipande cheupe. Bastola hairushi kitu, ina jicho linalotazama kama limeona mwanga, na hesabu yake hutegemea kioo kuchorwa papo hapo. Televisheni bapa huchelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, ambayo kwa bastola ni sawa na kuchelewa kabisa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani sasa wanazitafuta televisheni za chogo ambazo wenzao walizitupa, maana viwanda vimeacha kuzitengeneza. Katika karakana za mafundi wetu bado zipo, nyingine zikitumika kama meza.

Bei ni mada ambayo haina mwisho, kwa hiyo tuipitie haraka. Mashine zilizouzwa kwa mamilioni hazitakuwa na thamani ya Apple-1, hata zikiwa safi namna gani. Boksi, kitabu cha maelekezo na povu la ndani huweza kuongeza bei kuliko mashine yenyewe. Kaseti za bandia ni nyingi: zifungue utazame bodi, kwa kuwa zile halisi za Nintendo huwa na jina la kampuni lililochapwa juu yake. Mara nyingine kinachonunuliwa ni hadithi tu. Mwaka 1983 Atari ilizika kaseti zilizododa katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Aprili mwaka 2014 zilifukuliwa, zikatolewa takriban 1,300, na watu waligombania kuzinunua zikiwa zimepondeka na zinanuka taka.

Jambo zito zaidi ya fedha ni yaliyomo. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la BBC liliadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha sensa ya mali ya Uingereza kilichoandikwa mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walikusanya maandishi na picha za maisha ya vijiji na mitaa yao, na kazi yote ikawekwa kwenye diski mbili kubwa za leza zilizosomwa na kompyuta ya Acorn. Miaka 15 haikupita sana kabla ya mashine za kuzisoma kuwa adimu kiasi cha wataalamu kuhofu kwamba kazi hiyo imepotea. Iliokolewa, lakini kwa jasho na kwa sababu kulikuwa na mashine chache zilizokuwa bado hai. Kitabu chenyewe cha mwaka 1086, kilichoandikwa juu ya ngozi, kilikuwa kikisomeka muda wote huo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Hata majumba ya makumbusho hayana uhakika. Lile la kompyuta zinazofanya kazi mjini Seattle, lililoanzishwa na Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, lilifungua milango mwaka 2012. Allen alifariki mwaka 2018, jumba likafungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba halitafunguliwa tena. Vitu vyake kadhaa vikapelekwa mnadani. Kwa hali hiyo, mtu mmoja mwenye kabati na subira huenda akawa mhifadhi wa kitu ambacho hakina nakala kwingine.

Ndiyo sababu kanda inapaswa kutazamwa kabla ya mashine. Kanda za kompyuta huwa hazina chochote cha ajabu: zina sauti, mlio mkali unaofanana na wa mashine ya faksi. Uholanzi, katika miaka ya 1980, redio ya taifa ilirusha programu hewani kwa milio hiyo na wasikilizaji wakazirekodi nyumbani. Kwa kuwa ni sauti, mtu anaweza kuinasa kwa kompyuta ya kisasa kupitia redio kaseti yoyote nzuri, kisha programu za bure zikaigeuza kuwa faili. Safisha kwanza kichwa cha redio kwa spiriti, na hakikisha mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu haujayeyuka kuwa lami, kwani hiyo ni tabia yake. Diski laini zenye madoa ya kuvu zisiingizwe kabisa kwenye mashine, maana kuvu husuguliwa kwenye kichwa na diski inayofuata hukwaruzwa.

Uhifadhi wa baadaye hauhitaji gharama. Boksi likae juu ya rafu na si sakafuni, mbali na dirisha, na ndani yake viwekwe vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kanda ambazo hazijaandikwa jina zisidhaniwe kuwa tupu. Chezesha kila moja pande zote mbili mpaka mwisho, kwa kuwa waliozirekodi mara nyingi walianza katikati. Kabla ya kufanya hivyo, kivunje kile kijipembe cha plastiki mgongoni mwa kanda, ili kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi, redio ikatae.